Mkubwa Hajasema

Changanyikeni, Dar es Salaam
12 Februari 2017

Kwa Shangazi yangu Mwanaima,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umepoa na dagaa wanakauka vizuri. Sisi huku hatujambo. Angelina anakusalimu sana, amerudi kufundisha baada ya likizo. Shukrani ametimiza miaka minne na sasa anadanganya kwa ufasaha wa mtu mzima. Juzi kamwambia jirani kwamba ana mgomba wake mwenyewe Kigoma. Jirani akacheka sana, ikabidi nimweleze kwamba safari hii mtoto amesema kweli.

Najua utauliza kwa nini naandika barua katika zama hizi za simu. Simu yako, Shangazi, inashika mtandao pale kwenye jiwe la kuanikia dagaa tu, na nikikupigia ukiwa hapo naongea na kijiji kizima. Mara ya mwisho nilikuuliza habari za mgongo, akanijibu Feliksi mvuvi. Kwa hiyo barua hii nampa dereva wa basi, yeye atamkabidhi Ramadhani pale Kibirizi, na Ramadhani ataileta kwa boti yake.

Jambo lenyewe ni hili. Unajua kwamba utafiti wangu wa uzamivu unahusu watu wazima wanaojifunza kwa mtandao. Mradi umeweka vishikwambi na mnara mdogo kwenye vituo vitatu: Rusimbi, Simbo na hapo shuleni Mwamgongo. Masomo yanakwenda. Lakini pamoja na masomo nilitengeneza mahali pa watu kuandikiana, nikapaita Baraza, na kila kituo kina Baraza lake. Rusimbi wanaandika mpaka mfumo unalemewa. Simbo wanagombana kuhusu mbolea tangu Krismasi. Mwamgongo mko zaidi ya thelathini, na tangu darasa lifunguliwe hakuna aliyeandika hata neno moja.

Mfumo haufungui swali la pili mpaka la kwanza lijibiwe, na la kwanza ni jepesi kabisa. Nililiandika mwenyewe ili watu wazoeane: "Jitambulishe kwa wenzako. Ulizaliwa wapi, na wazazi wako walifikaje mahali unapoishi sasa?" Wewe umo darasani, na Mariana, yule binti anayesimamia kituo, ananiambia hukosi kipindi. Nieleze kuna nini.

La pili ni dogo. Nimealikwa kwenda kusoma makala yangu kwenye mkutano wa wataalamu nje ya nchi mwezi wa kumi. Nahitaji pasi ya kusafiria, na Uhamiaji wanataka mkubwa wa familia aeleze kwa maandishi nilizaliwa wapi. Cheti changu kinasema Mwamgongo tu. Andika mistari miwili utie sahihi.

Wasalimie wote wanaoniulizia, na wasioniulizia pia.

Mwanao,
Elieza Yakobo


Mwamgongo
9 Machi 2017

Mwanangu Elieza,

Marahaba. Barua yako imefika inanuka petroli, maana Ramadhani aliiweka karibu na injini, lakini maneno yote yamo. Niliisoma mara ya kwanza kwa haraka na mara ya pili kwa miwani.

Sisi wazima. Mgongo ni ule ule. Mdogo wako Leonia amejifungua mtoto wa kiume, na Martini bado anavua na Feliksi, wanagombana kila siku na kesho yake wanatoka pamoja. Mwambie Shukrani mgomba wake umeanza kutoa mkungu. Nakumbuka mwaka juzi, siku Angelina alipokileta kitovu chake kimefungwa kwenye kitambaa cheupe, alivyonitazama akidhani nitamwona mshamba. Mtoto anaweza kuzaliwa Dar es Salaam kwa bahati mbaya, lakini kitovu chake lazima kikae kwao. Nilikichimbia shimo nyuma ya jiko, nikapanda mgomba juu yake, karibu na migomba ya Leonia na Martini, na huo sasa ndio unaoongoza kwa urefu.

Kuhusu Baraza lako. Hivi wewe umekaa mjini mpaka umesahau mwezi? Giza la mwezi likiingia wanaume wote wako majini na taa zao, na sisi wanawake alfajiri tuko ufukweni tunapokea dagaa. Nani ataandika, kwa mkono upi? Mbalamwezi ikirudi ndipo watu wanapumzika. Mtoto wa pwani mzima, daktari mtarajiwa, unahesabu watu bila kutazama juu. Samaki mkunje angali mbichi. Wewe nilichelewa kukukunja.

Hayo masomo yako nayapenda, nisikufiche. Lile la kuanika dagaa juu ya chanja limenifaa sana. Maisha yangu yote nimeanika chini, kwenye mchanga na mawe, kama nilivyomwona mama yangu akifanya. Mvua ya juzi imewaharibia wenzangu waliobaki mchangani, wangu nimeuza wote. Sasa wanawake wanakuja kwangu kuuliza, nawaambia nendeni darasani.

Angelina nimemwekea mawese, Ramadhani akipata mtu wa kuaminika atayatuma.

Shangazi yako,
Mwanaima


Changanyikeni
2 Aprili 2017

Shangazi,

Shikamoo. Kwanza hongera ya mjukuu kwa Leonia. Mawese yamefika, na chupa moja imevuja ndani ya basi, dereva amesema harudii tena.

Pili, nakushukuru kwa kunigombeza. Nilichukua takwimu za Mwamgongo nikazipanga kwa kufuata mwezi, na kila kitu kikakaa mahali pake. Giza likiingia darasa linakauka, mbalamwezi ikijaa linafurika. Msimamizi wangu ameisoma akasema hiyo ni sura nzima ya tasnifu. Jina lako nimeliweka kwenye ukurasa wa shukrani, usinikatalie.

Lakini, Shangazi, mwezi haukujibu swali langu. Mbalamwezi ikiwa juu mnakaa darasani mpaka jua linazama, mnafanya masomo, mnafanya majaribio, mnapata alama nzuri kuliko Rusimbi. Mkifika kwenye Baraza mnafungua, mnasoma swali, mnafunga. Mfumo unanionyesha. Wewe peke yako umelifungua swali lile mara nyingi kuliko mtu yeyote. Unalifungua, linakaa wazi mbele yako muda mrefu, halafu unatoka bila kuandika kitu.

Kama tatizo ni kuandika kwa kidole, Mariana anaweza kukusaidia.

Ile mistari miwili ya kuzaliwa kwangu nadhani ilikupita. Naiomba tena. Na kwa kuwa umenikumbusha migomba, wangu ulikuwa upi? Wa Leonia na Martini naukumbuka kila mmoja, wangu siukumbuki. Shukrani ananiuliza kila jioni.

Mwanao,
Elieza


Mwamgongo
21 Mei 2017

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu, samahani. Ziwa lilichafuka, boti zikakaa, halafu tukapata msiba wa mzee mmoja wa upande wa juu, tukalala matanga. Barua yako nilikuwa nayo, ila mikono haikuwa na nafasi.

Macho yangu nayo hayaoni vizuri siku hizi. Kile kioo cha kishikwambi kinang'aa mno.

Huku watu wamekuwa wapole, usishangae kuona hawaandiki. Mwaka huu wa tatu mfululizo tunaona majirani zetu wa kaskazini wanavuka na watoto na magodoro, wanapita hapa ufukweni wakielekezwa njia ya kambini. Tunawapa uji na dagaa, wanakwenda. Halafu sasa kuna watu wanazunguka pwani kuandikisha vitambulisho vya taifa. Kijiji cha jirani wamekaa wiki nzima. Wanamuuliza kila mtu babu yake amezikwa wapi. Mtu ambaye babu yake amezikwa mlimani hapa anajibu haraka anakwenda zake. Wengine wanakohoa kwanza. Huku kwetu bado hawajafika.

Ndizi za Shukrani zinanenepa. Nimeuwekea mgomba mti wa kuuegemeza, maana mkungu ni mzito na upepo wa Mei unaujua mwenyewe.

Nguo za mtoto alizotuma Angelina zimemkaa mjukuu vizuri. Aksanti sana.

Mwanaima


Changanyikeni
11 Juni 2017

Shangazi yangu,

Shikamoo. Pole na msiba. Sisi tuko salama, ila Shukrani alipata malaria, sasa amepona na amerudia uongo wake.

Leo nakuandikia nikiwa na uchungu, nawe ulinifundisha kwamba mtu akiwa na uchungu aseme, asinune. Mariana ameniandikia kwenye mfumo. Alimshika Feliksi akamuuliza kwa nini wavuvi wanaojua kubishana kuhusu kila kitu chini ya jua wanashindwa kuandika kwenye Baraza. Feliksi akamjibu: "Mkubwa hajasema. Sisi tutatanguliaje?" Mariana akamuuliza mkubwa ni nani. Akasema: "Si Mama Mwanaima? Siku akifungua yeye, sote tutaandika."

Kumbe ni wewe. Macho yanasoma barua zangu za kurasa tatu, kioo cha kishikwambi ndicho kinang'aa! Nimekaa miezi nikitafuta kasoro kwenye mnara, kwenye betri, kwenye mwezi, na kasoro ni shangazi yangu aliyenilea. Watu zaidi ya thelathini wamekaa midomo imefungwa kwa heshima yako, wewe unajua, na mimi huniambii.

Nilipaswa kujua. Nimekulia hapo, nimeona vikao vinakaa kimya mpaka mwenye umri mkubwa akohoe. Nikaliita Baraza, halafu nikasahau barazani nani anaanza. Hilo kosa langu nalikubali. Lakini sasa nakuomba unifungulie.

Sikiliza ni kwa nini. Wafadhili wa mradi wanapima vituo kwa mazungumzo. Kituo ambacho Baraza lake litakuwa kimya mpaka mwisho wa Septemba kitafungwa, na mnara na vishikwambi vitahamishiwa kwingine. Nimewapigania nimeshindwa. Utapoteza masomo ya chanja, Feliksi atapoteza hesabu zake, Mariana atapoteza kazi. Na tasnifu yangu itaandika kwamba watu wa Mwamgongo hawakutaka.

Si lazima uandike mengi. Andika tu: "Mimi ni Mwanaima, nilizaliwa Mwamgongo, wazazi wangu walikuwa wavuvi." Basi. Mstari mmoja. Na ule wangu wa pasi uufuatishe kwenye karatasi, maana muda unakwisha.

Elieza


Mwamgongo
30 Julai 2017

Elieza,

Marahaba.

Barua yako nimeipata. Uchungu wako nimeusikia, na sijakasirika kwa kuwa umesema.

Tumekata mkungu wa Shukrani. Nimegawa kwa majirani kama inavyotakiwa kwa mkungu wa kwanza wa mtoto, chane moja nimempa Ramadhani awaletee. Kama zimefika zimeiva sana, kaangeni.

Unaniomba mstari mmoja. Wewe unadhani mstari mmoja ni mwepesi kwa sababu ni mfupi. Mimi siwezi kuuandika, wala wa kwenye mashine wala wa kwenye karatasi. Usiniulize tena hilo. Waambie hao wenye vishikwambi kwamba Mwanaima ni mzee mkaidi, waje wavichukue.

Shangazi yako


Changanyikeni
13 Agosti 2017

Shangazi,

Shikamoo. Ndizi zimefika zimeiva, tumekaanga, na Shukrani amezila akisema "zangu" kwa kila kipande.

Alipomaliza akaniuliza: "Baba, na wako uko wapi?" Nikamwambia ulichukuliwa na mto. Hivyo ndivyo ulivyoniambia nilipokuwa darasa la pili, siku Leonia na Martini walipokuwa wakinitambia kwa migomba yao. Nililia, ukanipa muwa.

Nikaanza kufikiri, Shangazi. Mto gani? Nyumba yetu iko juu. Mgomba wa Leonia uko pale pale tangu nikiwa mdogo, umeshatoa vichipukizi mpaka umekuwa kichaka, na Leonia ni mdogo wangu kwa miaka miwili. Mafuriko gani yalipanda mlima, yakabeba wangu tu, yakarudi?

Sikuulizi kwa ajili ya Baraza wala pasi. Hayo yaache. Nauliza kwa sababu nina miaka thelathini na mbili na mtoto wangu anajua mgomba wake.

Elieza wako


Mwamgongo
27 Agosti 2017

Mwanangu Elieza, mwana wa kaka yangu Yakobo,

Marahaba, baba. Kaa chini usome taratibu. Safari hii nimejibu haraka kwa sababu nikingoja nitaghairi. Na Ramadhani akiifungua barua hii njiani, atasoma habari za migomba; jina la mahali silitaji.

Mgomba wako upo. Nilichimba shimo kwa mikono yangu, nyuma ya jiko la mama yangu, kwenye udongo mweusi. Kitovu chako kilidondoka siku ya Jumapili, watu wakitoka kanisani, na babu yako alifurahi akacheza peke yake uani. Mwisho wa wiki hiyo hatukuwa tena pale. Milimani kulikuwa na bunduki na kila usiku zilishuka karibu zaidi.

Jiko hilo siwezi kukupeleka. Ninaloweza ni hili: asubuhi baada ya mvua ukisimama kwenye jiwe la dagaa ukatazama upande jua linakozama, milima ya ng'ambo inasogea mpaka unadhani ungepiga kelele wangesikia. Mimi huenda pale kila mvua ikikatika. Watu wanadhani naenda kutazama kama dagaa wamelowa.

Mto nilikudanganya. Ni ziwa lote. Ulikuwa kwenye mgongo wangu kwa sababu mama yako alikuwa bado mdhaifu, na njia nzima hukulia. Ndicho kilichonitisha. Tulipokanyaga mchanga wa upande huu nilikufinya paja, ukapiga ukelele, nikacheka na kulia pamoja. Baba yako akasema kuanzia leo huyu ni mtoto wa hapa. Tukakubaliana sote, na wazazi wako wamelala hapa na neno hilo. Babu yako alikataa kupanda mtumbwi. Sijui alizikwa na nani.

Sasa unaelewa swali lako lilinikuta wapi. Nilikwenda darasani kujifunza kukausha dagaa, na mashine, bila hata salamu, inaniuliza nilizaliwa wapi na wazazi walifikaje. Nililitazama swali hilo kila siku ya darasa. Nikiandika kweli, maneno yanabaki humo ndani nisimokujua, na baba yangu ndiye babu yako, yatakufikia na wewe. Nikiandika uongo, wale thelathini nyuma yangu wataandika uongo vile vile kwa kunifuata, na wewe utaufunga vizuri uupeleke kwa wakubwa wako uitwe elimu. Nikaona bora ninyamaze. Sikujua kwamba ulikuwa unatuhesabu.

Feliksi amekulia kwenye nyumba inayonyamaza kama yetu. Wako wengi. Hatujawahi kulizungumza hata siku moja, lakini tunajuana kwa namna tunavyoangalia ng'ambo.

Nakupenda kuliko ninavyojua kuandika. Kwa kitabu chako na safari yako, fanya unavyoona. Mimi sitakulaumu.

Shangazi yako,
Mwanaima


Changanyikeni
10 Septemba 2017

Shangazi yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena.

Siku mbili sikumwambia hata Angelina. Nilikuwa na hasira, nisikufiche. Maisha yangu yote nimejibu "Mwamgongo" bila kumeza mate, shuleni, chuoni, kazini, na ninyi wakubwa mkinitazama. Halafu nilimwambia Angelina, akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: "Shangazi amebeba hilo peke yake muda wote huu?" Hasira ikaniisha, nikalia sana.

Swali lile la Baraza niliandika asubuhi moja nikinywa chai. Niliona ni swali rahisi la kuchangamsha watu. Nilikuwa na haraka ya kulipeleka kwenu kuliko nilivyokuwa na haja ya kulijibu mwenyewe. Nimelifuta kwenye vituo vyote vitatu. Sasa mtu akifungua Baraza anasalimiwa kwanza, kisha anaulizwa: "Kwenu dagaa hupikwaje?" Na nimemwomba Mariana asimharakishe mtu.

Msimamizi wangu anauliza ukimya wa Mwamgongo nitauelezaje kwenye tasnifu. Nimemjibu kwamba kosa lilikuwa la swali, si la watu, na nitaandika hivyo. Sababu yenyewe sijamwambia.

Safari sitakwenda. Makala yangu itasomwa na mwenzangu. Siwezi tena kuandika "Mwamgongo" kwa mkono ambao sasa unajua. Wala siwezi kwenda kusema lile lingine, kwa sababu halikuanza na mimi na halitaishia kwangu. Lina wewe ndani yake, lina Feliksi, lina nyumba zote zinazotazama ng'ambo. Ninyi mlinivusha nikiwa sijui kitu. Mkubwa katika hili ni wewe, na mkubwa hajasema. Sikulaumu wala sikuhimizi. Nangoja tu, kama wenzangu.

Kama ukibaki kimya mpaka mwisho, nitakuwa mwanao vile vile.

Elieza


Mwamgongo
19 Novemba 2017

Mwanangu Elieza,

Marahaba, na Mungu akutunze wewe na nyumba yako. Mgongo wangu umenisumbua Oktoba yote lakini sasa naweza kukaa na kuandika.

Najua umeona kwenye mfumo wako, lakini ngoja nikusimulie mwenyewe, mashine haiwezi kukuambia ilivyokuwa. Siku Mariana alipofungua Baraza na salamu zikatokea, watu wote waligeuka wakanitazama. Nikavaa miwani. Nikaandika kwamba kwetu dagaa huoshwa kwa maji ya uvuguvugu, hukaangwa kwa mawese na kitunguu, na mtu asiyetia bilinganya hajui anachofanya. Kuandika kulinichukua muda, watu wakinitazama vidole. Nilipobonyeza pa kutuma tu, vidole vikaanza pande zote. Feliksi ameandika mbele ya kijiji kizima kwamba Mama Mwanaima hutia chumvi mno. Amengoja mwaka mzima kusema hilo! Kituo hakifungwi, Mariana kashaletewa habari.

Lakini nilirudi nyumbani nikiwa mzito. Niliona kwa macho yangu kwamba kinywa changu kimoja kilikuwa kimeziba vinywa vya watu wote wale. Nilidhani nakificha kichwa changu na chako. Kumbe nilikuwa nimewakalia wengine.

Wiki iliyopita waandikishaji wa vitambulisho wamefika. Walitupanga shuleni, kwenye madawati yetu yale yale ya darasa. Watu wakakaa, hakuna aliyenyoosha mkono, na nikajua wanamngoja nani. Aliyekuja kwangu ni binti mdogo, Muha. Aliinama akanisalimia kwa Kiswahili na Kiha, "Shikamoo, bibi. Mwakeye?" Akauliza habari za mgongo wangu maana aliona ninavyokaa. Halafu akauliza kwa upole, "Bibi, ulizaliwa wapi?"

Nikasema: "Ubwari, mwanangu. Ng'ambo ya ziwa, si nchi hii. Nilivuka wakati wa bunduki, nimekaa hapa tangu hapo, nimezaa hapa na nimezika hapa."

Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. Binti aliandika. Nyuma yangu nikasikia dawati linasogea. Feliksi akasimama akasema, "Na mimi baba yangu ni wa huko." Halafu mama mmoja, halafu mwingine. Wengine walisema hapa, na hiyo ndiyo kweli yao. Hakuna aliyekohoa.

Binti ametuambia tungoje, mambo yetu yatapelekwa mbele na tutaitwa. Tutaitwa kwa heri au kwa shari, sijui. Naogopa, Elieza. Nimeogopa tangu nilipokuwa na wewe mgongoni na bado naogopa. Lakini juzi mvua ilikatika nikaenda kwenye jiwe, nikatazama ng'ambo bila kujifanya nageuza dagaa.

Jambo la mwisho. Yule binti aliniuliza kama nilivuka na mtu mwingine aliye hai. Nikamjibu: "Yupo mmoja. Ni mtu mzima, ana mdomo wake."

Basi mkubwa amesema. Sasa nangoja mimi.

Shangazi yako,
Mwanaima wa Ubwari na Mwamgongo